Bidoni ya Barafu Niliyoipeleka Ukweni Mpofi

Mpaka leo, mtu akitaja barafu mbele ya mke wangu, mimi huinama na kujifanya nafunga kamba za viatu, hata kama siku hiyo nimevaa kandambili. Nimezeeka, nina wajukuu, nimewahi kuwa mzee wa kanisa, na bado aibu ile haijanitoka. Basi leo nitaieleza mwenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba nisipoieleza mimi ataieleza Veronika, na yeye hasahau hata neno moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Kwetu ni Muheto, watu wa maharagi na mihogo, lakini mimi nilikuwa nimepata kazi Kirolirwe kwa Mzungu mmoja mwenye ng'ombe, katika nyumba ya maziwa. Nilizungusha mashine ya kutenga krimu, nilipiga siagi, niliosha mabidoni, yale makopo ya chuma ya kubebea maziwa, na (hapa ndipo kichwa kilipoharibika) nilikuwa mlinzi wa frigo. Frigo yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na haikuwa ya umeme, maana umeme tungeutoa wapi. Chini yake kulikuwa na taa ya petroli, yaani mafuta ya taa, yenye utambi, na kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kujaza petroli, kukata utambi na kuangalia kwamba moto ni wa bluu. Moto unawaka chini, maji yanaganda juu. Niliuona muujiza huo kila siku na sikuuelewa hata kidogo, lakini nilijua kuwasha na kuzima, na kwa umri ule niliona kwamba anayejua kuwasha na kuzima amekwisha kujua yote.

Veronika nilimwona sokoni Masisi. Baba yake, Papa Zakaria, alikuwa akipanda huko kutoka Mpofi, upande wa Walikale, na mafuta ya mawese, anarudi na maharagi, na binti yake alimsaidia kupima. Sitawachosha na habari za jinsi nilivyonunua mawese wiki tatu mfululizo mpaka mama yangu akaniuliza kama nimeanza kuyanywa. Itoshe kusema tulielewana, na siku moja nilipata likizo nikateremka mpaka Mpofi kujitambulisha kwa wazazi wake, nikapewa kiti, nikapewa ugali na samaki, na nilipoulizwa kazi yangu ni ipi, ulimi ukateleza. Badala ya kusema napiga siagi, nilisema nafanya maji yawe jiwe kwa moto.

Papa Zakaria aliweka tonge chini. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kuchunguza, mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha anatoa mkono nje kwanza.

"Mvua ya mawe tunaijua," alisema. "Ile inatokaka juu, ni kazi ya Mungu. Lakini mutu, tena na moto? Moto inachemshaka maji, mutoto wangu. Haigandishe."

Nikasema ni kweli kabisa. Kaka zake Veronika wakacheka, jirani aliyekuwa mlangoni akacheka, na Veronika, aliyekuwa anapakua pale pembeni, akasema bila kuinua kichwa kwamba mimi si mtu wa uongo. Hapo baba yake akamtazama yeye, kisha mimi, na akasema maneno ambayo niliyabeba mpaka Kirolirwe.

"Sawa. Siku utaleta watu wenyu kwa kusema maneno ya ndoa, leta na ile jiwe. Kama iko, nitajua binti yangu anajua mutu vizuri. Kama haiko, basi hata yale mengine yenye ulimuambiaka, nitafikiria ni vile vile."

Mnaona jinsi mambo yalivyokaa. Hakuniuliza ng'ombe wala shamba, aliniuliza kama neno langu lina kitu ndani. Na Veronika alikuwa amekwisha kusema mbele ya baba yake, kaka zake na jirani kwamba mimi si mwongo, kwa hiyo nikianguka mimi, anaanguka yeye, na yeye ndiye atakayebaki pale Mpofi akichekwa kisimani.

Kwetu Muheto walikaa wakapanga. Mbuzi wa mahari wangefuata baadaye. Kwa safari ya kwanza ya kusema maneno, kama ilivyo desturi ya nyumbani kwetu, mama wa msichana hupelekewa chumvi. Mama yangu alinunua ile chumvi ya mawe, ya kijivu, akaishona katika mfuko mwenyewe kwa mkono wake. Wa kunisemea alichaguliwa baba yangu mdogo, Papa Musafiri, mdogo wake marehemu baba, mtu mwembamba aliyesemea watu ndoa nyingi na hakuna hata moja iliyokataliwa. Alikuwa na koti moja jeusi kwa kazi hiyo. Alikuja Kirolirwe siku moja kabla, akalala kwangu, ili alfajiri tupande kamiyo, lori lililokuwa linateremsha viazi Walikale.

Madame, mke wa bwana, alikuwa ameniruhusu kuchukua barafu, na zaidi ya hapo alinipa sukari ya kumpelekea mchumba. Kwa siku nne niligandisha maji katika vile visahani vya frigo, nikirundika vipande juu pale penye baridi zaidi, mpaka vikatosha kujaza bidoni ya maziwa ya lita tano. Alfajiri ile nilivimimina. Katikati nilichomeka chupa mbili: moja ya maji matupu yaliyochemshwa, kwa ajili ya Papa mdogo (tumbo lake lilikuwa halipendi maji ya njiani), na nyingine ya maji ya sukari, sukari nyingi sana, ya Veronika na mama yake. Nilitaka wanywe kitu baridi na kitamu wanishangae. Mpaka hapo sikuwa nimekosea chochote, na ningefunga kifuniko wakati ule, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini niliposhika kifuniko, nikafikiria njia. Sake, Masisi, kisha kuteremka mpaka kwenye joto la Mpofi. Nikaogopa. Na macho yangu yakaangukia mfuko wa chumvi wa mama mkwe.

Niwaeleze kwa nini. Sikukuu zikifika, Madame alikuwa anatengeneza krimu ya barafu. Alikuwa na ndoo ya mbao, na katikati ya ndoo kopo la chuma lenye maziwa, mayai na sukari. Kati ya kopo na ndoo tulijaza barafu, na juu ya barafu yeye alitupa chumvi kwa viganja, kisha mimi nilizungusha mkono wa ile mashine. Siku moja chumvi ilikuwa imekwisha, nikazungusha mpaka bega likaomba msamaha, na krimu ikabaki maziwa. Siku zenye chumvi, nusu saa tu, krimu imekuwa ngumu. Nikakata shauri, kimya kimya, bila kumuuliza mtu: chumvi ndiyo inayotia barafu nguvu. (Mwisho wa kazi ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikimwaga maji ya ile ndoo nyuma ya nyumba, maji mengi, barafu karibu yote imeyeyuka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nguvu gani hiyo inayogeuka kuwa maji. Nilikuwa natazama krimu.)

Basi nikafumua mshono wa mama yangu nikamimina chumvi juu ya barafu. Nikaona ni kidogo, nikaongeza. Nikatikisa ishuke vizuri. Nilipokuja kuangalia, nusu ya mfuko ilikuwa imekwenda, na nikajifariji kwamba mama mkwe akishaona jiwe hatahesabu chumvi. Nikafunga kifuniko, nikaiweka bidoni katika kapu, nikashindilia majani makavu ya migomba pembeni, nikafunika na gunia, nikatoka nje nikiwa mtu mwenye furaha sana.

Juu ya kamiyo hapakuwa na nafasi. Viazi, watu, kuku, na Papa mdogo na koti lake jeusi. Akatafuta pa kukaa, akaona kapu langu, akakaa juu ya kifuniko cha bidoni. Nikafurahi, maana ulinzi gani bora kuliko huo. Hatukuwa tumefika Sake akanigusa goti.

"Ezekieli. Hii kiti yako inanikula."

"Vumilia, Papa mudogo. Ni ile baridi yenyewe."

"Najua baridi. Nilizaliwa Muheto. Hii haiko baridi ya kwetu. Hii inapanda mu mifupa ikitafuta mutu."

Akakunja gunia mara mbili, akakaa tena. Baadaye akaomba maji yake ya kunywa, nikamwambia haiwezekani, bidoni ikifunguliwa baridi itatoka yote. Kwa hiyo yule mzee alisafiri na kiu tangu Sake mpaka Mpofi akiwa amekalia maji yake mwenyewe, na hakulalamika tena, ila kila kamiyo lilipopanda jiwe nilisikia anavuta pumzi.

Masisi kamiyo lilisimama, na mimi nikashuka kununua mikate. Niliporudi nilifunua gunia kidogo, na hapo nikaona kitu kilichonivimbisha kichwa kabisa: bidoni kwa nje ilikuwa imeota utando mweupe, mgumu, unakwaruzika kwa ukucha. Baridi ilikuwa imepenya chuma na kutoka nje. Frigo ya Madame yenyewe haikuwahi kufanya vile. Nikasema moyoni, chumvi imefanya kazi, na nikaanza kutunga maneno ya unyenyekevu nitakayosema Papa Zakaria atakapopiga makofi.

Tulifika Mpofi jua limepinda. Nadhani kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa. Viti vilikuwa vimepangwa uani, wazee upande huu, mama wa kanisa upande ule, na Veronika amekaa kati ya shangazi zake na kitambaa kipya kichwani, hanitazami, lakini anacheka na midomo imefungwa. Papa mdogo alisimama vizuri sana (alitembea kwanza hatua mbili tatu ili miguu irudi) na akasema kama anavyojua: tumetoka mbali, tumekuja kuomba, na mtoto wetu aliahidi kitu, na sisi watu wa Muheto tukiahidi tunaleta. Kisha akanipa ishara. Nikaweka bidoni katikati, nikafuta ule weupe kwa gunia ili waone, nikafungua.

Maji.

Nilitazama, nikainua kichwa, nikatazama tena. Maji ya kijivu, yamechafuka na vumbi la ile chumvi, yanacheza mpaka karibu na shingo ya bidoni. Hakuna hata kipande kimoja kinachoelea. Watu waliinuka kwenye viti kuangalia, wakatazamana kujua kama inaruhusiwa kucheka. Papa Zakaria alikuja polepole, akachovya kidole, akakitoa haraka akakiangalia, akakiweka mdomoni.

"Baridi iko," alisema, kwa sababu ni mtu wa haki. "Baridi ya kuuma. Lakini ni maji. Tena ya chumvi. Sasa jiwe iko wapi?"

Hapo, rafiki zangu, ndipo ningepaswa kusema: sijui. Neno moja. Au ningeingiza mkono ndani nikapapasa, kama mtu yeyote mwenye akili anayetafuta kitu. Lakini niliogopa hata kuyagusa yale maji, niliona kama nikiyagusa nimekubali kwamba ni maji. Nikamwona Veronika ameacha kucheka. Na mdomo wangu ukafunguka peke yake.

"Walituiba," nikasema. "Kule Masisi, wakati kamiyo ilisimama. Mimi nilienda kununua mikate. Bidoni ilibakia na Papa mudogo."

Mnajua nilichokuwa nimesema. Sikusema Papa mdogo alilala, sikusema alikula njama na mwizi, niliweka tu maneno pale na kuyaacha yatembee yenyewe. Macho yote ya Mpofi yakahama kutoka kwangu yakaenda kwa mzee mwenye koti jeusi. Nikahisi unafuu, na unafuu huo ndio ninaouonea aibu kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

"Papa Musafiri," aliuliza Papa Zakaria, "ni kweli? Ulisinzia?"

Papa mdogo alinitazama mimi. Alikuwa na midomo mikavu, imepasuka kwa kiu. Angeweza kusema kwamba hakutoka juu ya bidoni hata mara moja, kwamba Masisi hakushuka hata kujisaidia. Alisema:

"Mutoto amesema."

Akakaa. Wazee wakatazamana, mmoja akanung'unika kwamba ni hatari kutuma mlinzi anayelala. Nilitaka jambo liishie hapo, lakini wakati huo mmoja wa shangazi alikuwa amepokea mfuko wa chumvi, akaunyanyua juu watu wauone ulivyolegea, na ule mshono umefumuliwa.

"Na hii? Nusu iko wapi?"

"Nayo waliiba," nikasema.

Papa Zakaria alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa utaratibu, kama mtu anayepima mawese.

"Ngoja nisikie muzuri. Mwizi alikuja, akatoa jiwe, akatia maji mu bidoni. Kisha akaiba chumvi ya muke wangu, nusu, ingine akaachaka. Kisha ile aliiba, hakuenda nayo. Akaitia mu maji yako. Akafunga kifuniko. Akaenda."

Hapo ndipo walipocheka. Hata kuku wa Mpofi nadhani walicheka. Kulikuwa na mama mmoja aliyelala kabisa juu ya bega la mwenzake, na kaka mmoja wa Veronika akaanza kuigiza mwizi akikoroga chumvi kwa kijiti. Mimi nilisimama na kifuniko mkononi. Veronika hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake, na nikajua anasogea mbali nami bila kuinuka kwenye kiti.

Aliyetuokoa wote na kicheko kile ni mama yake, Mama Eliza. Watu wa upande wa Walikale, wale wa zamani, walijua kutoa chumvi katika majivu ya majani ya mtoni: unachuja, unachemsha, maji yanakwenda, chumvi inabaki. Yeye aliijua kazi hiyo tangu utoto, na kwake pale hapakuwa na muujiza wala wizi, palikuwa na chumvi yake ndani ya maji.

"Chumvi haikupotea," alisema. "Iko humu. Leteni chungu kubwa, nitaichemusha."

Chungu kikaletwa. Akaishika bidoni kwa kanga, maana ilikuwa inachoma kwa baridi, akainamisha, maji yakamiminika, na ndani ya bidoni kitu kikagonga. Akasimama. Akatikisa. Kikagonga tena.

"Kuna vitu humu."

Nilikuwa nimezisahau. Nawaapia, tangu nilipofungua kifuniko zile chupa hazikunijia akilini hata kidogo. Mama Eliza aliingiza mkono, akasema "eh," akatoa chupa ya kwanza, ile ya maji ya Papa mdogo. Kioo kilikuwa kimepasuka toka juu mpaka chini, na alipokigusa kikabanduka vipande viwili, na katikati, umesimama mkononi mwake, ulibaki mwili wa chupa bila chupa: barafu, ngumu, na mapovu madogo meupe ndani.

Papa Zakaria aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga kwenye mguu wa kiti, ikalia ko, ko. Akaipitisha kwa wazee. Kila mmoja aliigonga, kila mmoja alipuliza vidole. Kisha Mama Eliza akatoa chupa ya pili, ya sukari. Hiyo ilikuwa nzima, na ndani hayakuwa maji wala jiwe, ilikuwa kama uji mzito wenye vipande, unatembea polepole ukiinamisha.

Papa Zakaria alizipanga mbele yake: chungu chenye maji ya chumvi, chupa ya uji, na jiwe. Alikuwa ameshasahau ndoa. Alichovya kidole katika chungu, akakiweka juu ya jiwe, akarudia.

"Mu hii ulitia nini?" akaniuliza.

"Sukari."

"Na hii?"

"Hakuna kitu. Maji tu. Ni maji ya Papa mudogo ya kunywa."

"Basi ona. Zote tatu zililala mu nyumba moja, na baridi moja. Ile ya chumvi ilikataa kabisa. Ile ya sukari ilikubali nusu. Ile yenye haukuongeza kitu njo ilikuwa jiwe." Akaniinulia macho. "Maji yako ni ya kweli, Ezekieli. Ulisema moto inagandisha, nimeona. Sasa niambie ya mwizi."

Nilisema. Nilisema yote, chumvi, ndoo ya Madame, woga, na kwamba Papa mdogo hakulala wala hakushuka. Papa Zakaria alikuwa amempa Papa mdogo lile jiwe, zamu yake imefika, na wakati mimi naungama yeye alikuwa analilamba taratibu, macho amefumba, maana yalikuwa maji yake na alikuwa na kiu tangu Sake.

Papa Zakaria hakupaza sauti. Alisema jiwe amelipokea, na binti yake hakumdanganya, hilo kila mtu pale alisikie. Lakini mtu anayeweza kumweka mzee wake mbele yake kama ngao, kwa sababu ya bidoni tu, siku atakapokuwa na mke atamweka nani mbele? Akaniambia nirudi kwetu, nije tena maharagi yakivunwa, na safari hiyo nisiseme kitu, aseme Papa Musafiri, kama bado atakubali.

Jioni, kabla hatujaenda kulala kwa jirani, Mama Eliza alikuwa amekwisha kuchemsha. Chumvi ilirudi karibu yote, imeganda ukingoni mwa chungu, nyeupe kuliko ilivyokuwa. Veronika alikuja kunikabidhi bidoni tupu iliyooshwa. Kiganja chake kilikuwa bado chekundu kwa baridi ya kipande cha lile jiwe alichopewa na kukishika mpaka kikaisha.

"Nilisema hauko mutu wa uongo," akasema. "Sasa nitasema nini ku kisima?"

Nikaipokea bidoni, naye akageuka akaenda.

Nilirudi maharagi yalipovunwa, na nikakaa kimya siku nzima, na mnajua mwisho wake kwa sababu Veronika ndiye aliyewapikia hiki mnachokula. Madame, nilipomweleza, alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akatoa leso, kisha akanionyesha kwa ndoo yake kwamba chumvi hukaa nje, haingii kamwe kwenye kitu unachotaka kigande. Jibu la kwa nini ni hivyo nililipata juzijuzi tu kutoka kwa mjukuu wangu wa kike, anayesoma bio-chimie, yaani kemia ya viumbe.

"Tate," aliniambia, "maji ikitaka kuganda inajipangaka mistari. Kitu yenye imeyeyuka ndani inaisumbua kujipanga, mpaka baridi ikuwe kali zaidi. Sukari ikiyeyuka, kila kipande inabakia kimoja. Chumvi inajitenga vipande viwili, na ni vidogo, kwa kilo moja viko vingi sana. Kwa hiyo inasumbua kuliko sukari. Barafu yako iliyeyuka, na ikiyeyuka inanyonya joto yote ya pembeni, njo maana ile chupa iliganda."

Nikamwuliza kama kuna kitu cha kutia majini kinachosaidia yagande upesi. Alifikiri, akasema yeye hajasoma chochote cha namna hiyo. Kila kinachoyeyuka ndani yake kinayazuia tu.

Lakini nilitaka kuwaambia ya kamiyo. Siku ya kurudi hapakuwa na nafasi tena, na Papa mdogo akakaa juu ya bidoni ileile. Tulipanda milima yote mpaka Masisi hatujasemezana. Pale kamiyo liliposimama nikashindwa kuvumilia, nikamwomba msamaha, na nikamwuliza kwa nini hakunikatalia mbele ya watu, wakati alijua kila kitu.

"Nilikuja kukusemea," alijibu. "Ningesema uko mwongo, ningekuwa nasemea nani?"

Kisha akapiga bidoni kwa kiganja chini yake, akasema leo kiti ni kizuri, hakina baridi. Mimi nikashuka na kwenda kumtafutia maji ya kunywa, nikayachukua kisimani mwenyewe, nikamletea hayajatiwa kitu, na nikasimama pale mpaka akayamaliza. Tangu siku hiyo nimeapa, jambo likiniharibikia mbele ya watu, naingiza mkono ndani kwanza, napapasa mpaka chini, na mpaka nimalize kupapasa mdomo unabaki umefungwa.